GAVANA YA JENERETA NA MGAWANYO WA HAKI WA MZIGO

Katika mialo ya Ghuba ya Speke, Guta ikiwa mmojawapo, samaki hawamngoji fundi. Sangara aliyevuliwa usiku akikosa barafu hadi mchana, thamani yake hushuka kabla hajafika kwenye mzani, na jua likizidi hutupwa. Nyaya za umeme zimefika katika vijiji vingi tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, lakini umeme wa gridi hukatika, na chama chenye mashine ya barafu, mashine ya kusaga nafaka au pampu ya kumwagilia mashamba hakina budi kuwa na jenereta ya akiba. Jenereta hiyo imenunuliwa kwa fedha za wanachama. Ikiharibu mota, hasara ni ya wanachama. Ikizimika usiku, samaki wanaooza ni wa wanachama.

Makatibu wengi huangalia mambo matatu katika jenereta: dizeli, oili na betri. Hayo ni mambo ya lazima. Lakini liko jambo la nne ambalo huachiwa fundi peke yake, nalo ni namba zilizowekwa katika kidhibiti cha gavana. Namba hizo ndizo zinazoamua kama umeme utakuwa imara au utayumba, na kama jenereta mbili zitasaidiana au zitagombana. Makala haya yanaeleza namba hizo kwa lugha nyepesi. Haikusudiwi kwamba Katibu ashike bisibisi na kufanya kazi ya fundi. Inakusudiwa ajue la kuuliza, ajue la kuandika, na ajue wakati wa kukataa.

GAVANA NI NINI

Gavana ni kifaa kinachoilinda injini isiende mbio wala isilegee. Mzigo ukiongezeka, kwa mfano mota ya mashine ya barafu ikiwashwa, injini huelemewa na mwendo wake huanza kushuka. Gavana hutambua upungufu huo na kufungulia dizeli zaidi. Mota ikizimwa, injini hupata wepesi na kutaka kukimbia. Gavana hubana dizeli.

Wazo hili ni la zamani. Vinu vya upepo vya kusaga nafaka huko Ulaya vilikuwa na mawe au vyuma vya kuzunguka vilivyorekebisha kazi ya mawe ya kusagia, na mwaka 1788 James Watt wa Uingereza alilitumia wazo hilo katika injini ya mvuke. Mipira miwili ya chuma ilizungushwa na injini; mwendo ukizidi, mipira ilitanuka na kuvuta mkono uliobana mvuke. Injini nyingi za dizeli za zamani hutumia kanuni hiyo hiyo, kwa vyuma na springi.

Jenereta nyingi za sasa zina kidhibiti cha umeme badala ya mipira. Sensa ya sumaku huhesabu meno ya flaiwili yanapopita. Kidhibiti hulinganisha hesabu hiyo na mwendo kilioagizwa kuutunza, kisha hutuma umeme kwa mkono mdogo unaosukuma au kurudisha kipimio cha dizeli. Kazi ni ile ile ya mipira ya Watt; tofauti ni kwamba maagizo huwekwa kwa namba, na namba huweza kubadilishwa na mtu yeyote aliyefungua kifuniko au kujua neno la siri.

MWENDO NA UMEME

Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, maana yake mkondo hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Katika jenereta yenye ncha nne za sumaku, hezi 50 hupatikana injini inapozunguka mara 1,500 kwa dakika. Mwendo ukiwa 1,560, umeme utakuwa hezi 52. Ukiwa 1,440, utakuwa hezi 48. Kwa hiyo anayetawala mwendo wa injini ndiye anayetawala hezi.

Hezi zikishuka sana, mota huzunguka polepole, feni yake ya kupoza hupungukiwa nguvu, na mota hupata joto. Hezi zikizidi, pampu na feni hudai nguvu nyingi kuliko zilivyotengenezewa. Kusuka mota upya ni gharama ambayo chama kidogo hakiisahau upesi.

Agizo la kwanza katika kidhibiti, basi, ni mwendo wenyewe. Hapa kuna kosa dogo lenye madhara makubwa. Kidhibiti lazima kielezwe idadi ya meno ya flaiwili. Flaiwili yenye meno 120 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde, sensa huhesabu meno 3,000 kwa sekunde. Fundi akiandika kimakosa kuwa meno ni 125, kidhibiti kitaidhania injini kuwa inachelewa, nacho kitaisukuma hadi mizunguko karibu 1,563 kwa dakika. Uso wa kidhibiti utaonyesha 1,500, lakini umeme utakuwa hezi 52 na zaidi. Ndiyo maana hezi zipimwe kwa mita ya pembeni, isiyotegemea kidhibiti hicho.

MTEREMKO WA MWENDO

Agizo la pili ndilo lisiloeleweka kwa wengi, nalo ndilo kiini cha makala haya. Injini ikitoka hali ya kutokuwa na mzigo hadi mzigo kamili, mwendo wake huachwa ushuke kwa kiasi maalumu. Kushuka huko huitwa mteremko, na huhesabiwa kwa asilimia. Jenereta inayotoa hezi 52 bila mzigo na hezi 50 kwa mzigo kamili imeshuka hezi 2 katika 50, yaani mteremko wake ni asilimia 4. Kwa nusu ya mzigo itatoa hezi 51.

Mtu ataweza kuuliza: kwa nini mwendo uachwe ushuke, ilhali kidhibiti cha umeme kinaweza kuushikilia palepale kwenye hezi 50? Jibu linategemea jenereta ni ngapi.

Jenereta moja inayofanya kazi peke yake haihitaji mteremko. Kidhibiti cha umeme kikiwekwa asilimia 0, hezi zitakuwa 50 ikiwa mzigo ni mdogo au mkubwa. Gavana ya vyuma na springi, kwa maumbile yake, ina mteremko daima, mara nyingi asilimia 3 hadi 5. Kwa gavana ya namna hiyo, fundi asiweke hezi 50 wakati injini haina mzigo, kwa sababu mzigo ukijaa hezi zitafika 48. Aweke hezi 52 au karibu yake bila mzigo, ili mzigo ukijaa zibaki 50. Katibu akiona fundi amerekebisha mwendo bila kuwasha mashine hata moja, kisha anakusanya vyombo vyake, amwombe angoje na mzigo uwashwe mbele yake.

JENERETA MBILI KATIKA NJIA MOJA

Chama kinapokua hununua jenereta ya pili na kutaka zote mbili zilishe njia moja ya umeme. Mashine zilizounganishwa hivyo hufungwa pamoja na umeme wenyewe kama ng'ombe waliofungwa nira: haiwezekani moja itoe hezi 51 na nyingine 50. Zote zina hezi moja. Swali linabaki: nani anavuta kiasi gani?

Mteremko ndio unaojibu. Tuchukue mfano wa chama chenye jenereta ya kilowati 100 na nyingine ya kilowati 50. Gavana zote mbili zimewekwa mteremko wa asilimia 4, kuanzia hezi 52 bila mzigo. Mzigo wa kilowati 120 ukiwekwa, hezi zitashuka hadi 50.4. Kwa hezi hizo kila mashine inatoa asilimia 80 ya uwezo wake: kubwa kilowati 80, ndogo kilowati 40. Hakuna aliyeziamuru zigawane hivyo. Kila moja imetazama hezi na kufuata mteremko wake, na haki imepatikana: kila moja imebeba kwa kadiri ya uwezo wake.

Sasa tuseme fundi mwingine amekuja, akaacha ile kubwa kwenye asilimia 4 lakini ndogo akaiweka asilimia 2, akazilinganisha zote kwa hezi 51 zikiwa hazina mzigo. Kwa macho kila kitu ni sawa. Lakini kwa kila hezi moja inayoshuka, mashine kubwa huongeza kilowati 50, na ndogo nayo huongeza kilowati 50. Mzigo ukiwa kilowati 100, kila moja inabeba 50: ndogo imejaa pomoni, kubwa imefika nusu tu. Mzigo ukifika kilowati 120, kila moja inabeba 60. Mashine ya kilowati 50 imezidiwa kwa asilimia 20, wakati kubwa bado ina nafasi ya kilowati 40.

Matokeo yake yanafahamika. Swichi ya ulinzi ya mashine ndogo hukatika. Kilowati 120 zote huangukia mashine ya kilowati 100, nayo huzidiwa na kukatika. Mwalo wote huingia gizani, ilhali uwezo wa mashine zote ni kilowati 150 na mzigo ulikuwa 120. Wanachama watasema jenereta ni mbovu, na Mkutano Mkuu huenda ukaombwa fedha za kununua nyingine. Kumbe kasoro ni namba moja.

Hali huwa mbaya zaidi mashine mbili zikiwekwa zote asilimia 0 bila mpango. Kila moja inang'ang'ania hezi 50 kwa kipimo chake, na vipimo viwili havilingani kamwe kwa ukamilifu. Inayoona hezi zimepungua hata kidogo huongeza dizeli bila kikomo. Nyingine huona zimezidi na kupunguza. Moja hubeba mzigo wote, na pengine huanza kuisukuma mwenzake kana kwamba ni mota. Asilimia 0 kwa mashine mbili hufaa tu iwapo vidhibiti vyao vimeunganishwa kwa waya maalumu wa kugawana mzigo, na kazi hiyo imefanywa na kujaribiwa na fundi anayeifahamu.

Kanuni ya kukumbuka ni fupi: mashine moja peke yake, asilimia 0 inafaa ikiwa gavana ni ya umeme, mashine zinazosaidiana bila waya wa kugawana mzigo, mteremko sawa kwa zote, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5, na mwendo wa kuanzia sawa.

Kanuni hii si ya vyama vidogo tu. Maji ya ziwa lile lile linalopiga ufuko wa Guta hutoka Jinja, Uganda, ambako kituo cha umeme cha Owen Falls kilifunguliwa mwaka 1954 na kikapewa mitambo 10. Katika Mto Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Huko gavana hufungua na kufunga milango ya maji badala ya dizeli, lakini mitambo mingi katika gridi moja hugawana mabadiliko ya mzigo kwa mteremko vilevile.

KUYUMBA KWA MWENDO

Agizo la tatu ni wepesi wa gavana kuitikia. Gavana iliyowekwa nzito huchelewa: mota kubwa ikiwashwa, taa hufifia na injini hukaribia kuzima kabla dizeli haijaongezwa. Iliyowekwa nyepesi kupita kiasi huongeza dizeli nyingi, kisha hupunguza nyingi, na injini hupanda na kushuka kama mtu anayehema. Sauti hiyo hata asiye fundi huisikia.

Kabla namba hazijaguswa, yakaguliwe kwanza mambo ya kawaida: chujio la dizeli lililoziba, hewa katika mabomba, maji katika tangi, mkono wa gavana uliokwama au kulegea, na sensa iliyojaa uchafu. Injini nyingi zinazoyumba huponywa kwa chujio jipya. Fundi anayebadilisha namba ili kuficha chujio bovu ameacha maradhi mawili badala ya moja.

Mambo hayo yakiwa sawa, fundi huongeza wepesi kidogo kidogo hadi mwendo uanze kuyumba, kisha huurudisha nyuma hadi utulie. Halafu huwasha mzigo kwa ghafla na kutazama. Kipimo cha kimataifa cha jenereta, ISO 8528, kwa daraja la G2, kinataka mteremko usizidi asilimia 5. Mzigo unaokubaliwa ukiwekwa kwa ghafla, hezi zisishuke kwa zaidi ya asilimia 10, yaani zisiwe chini ya 45, na zitulie ndani ya sekunde 5. Katibu mwenye saa na mita ya hezi anaweza kuushuhudia mtihani huo mwenyewe.

MIPAKA YA USALAMA

Agizo la nne ni mwendo wa juu ambao injini ikiufikia lazima ijizime. Kwa injini ya 1,500, mpaka huo huwekwa kwa kawaida kati ya 1,650 na 1,725, kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji. Wapo wanaoupandisha au kuufunga kabisa kwa sababu jenereta "inazimika ovyo". Injini iliyokosa breki hiyo inaweza kukimbia hadi kupasuka, na vipande vya chuma havichagui nani amesimama karibu. Hakuna samaki wala pamba inayostahili hatari hiyo.

Aidha, jenereta ya chama isiunganishwe na nyaya za gridi bila idhini ya TANESCO na vifaa vinavyotakiwa. Iwepo swichi ya kubadilisha inayoruhusu upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Umeme wa jenereta ukirudi katika nyaya zinazodhaniwa kuwa hazina umeme, unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Tena jenereta ndogo iliyowekwa asilimia 0 haiwezi kuilazimisha gridi ifuate hezi zake; hubeba mzigo hadi kikomo, au husukumwa na gridi yenyewe.

WAJIBU WA KATIBU

Mashine huishi kuliko kamati iliyozinunua. Viongozi hubadilika, mafundi huhama, na namba hubaki ndani ya kidhibiti bila mtu anayejua nani aliziweka wala kwa nini. Kwa hiyo inapendekezwa kila chama kiwe na Daftari la Jenereta, litunzwe pamoja na vitabu vingine vya chama, na liwe na mambo yafuatayo:

(a) Uwezo wa kila jenereta kwa kilowati, mwendo wake, na idadi ya meno ya flaiwili.

(b) Mwendo wa kuanzia bila mzigo, na mteremko kwa asilimia.

(c) Namba za wepesi wa gavana, kama zilivyo katika kidhibiti.

(d) Mpaka wa mwendo wa juu, na tarehe ulipojaribiwa.

(e) Vipimo vya hezi na volti bila mzigo, kwa nusu ya mzigo, na kwa mzigo kamili, vilivyochukuliwa kwa mita ya pembeni.

(f) Iwapo jenereta ni mbili, kilowati za kila moja zikiwa zimeunganishwa.

(g) Kila badiliko: namba ya zamani, namba mpya, sababu, tarehe, sahihi ya fundi na sahihi ya shahidi wa chama.

Neno la siri la kidhibiti litiwe katika bahasha, ifungwe kwa lakiri na kuwekwa sefu. Fundi apewe anapofanya kazi, na baada ya kazi neno libadilishwe. Ankara ya fundi isilipwe kabla vipimo vya kipengele (e) havijaandikwa. Hakuna ugeni katika utaratibu huu. Chama kinachonunua pamba hakikubali mzani uguswe bila shahidi, wala hakikubali karani aandike kilo ambazo hazikusomwa. Gavana ni mzani wa namna nyingine, unaopima kazi ya injini badala ya mzigo wa mkulima, na kuuchezea hugharimu vilevile.

Kazi ya kuanzia haihitaji fedha nyingi. Katibu aite fundi siku isiyo na haraka, awaalike wajumbe wawili wa Bodi, jenereta iwashwe, na mizigo iongezwe mmoja baada ya mwingine huku hezi zikisomwa kwa sauti na kuandikwa. Zikionekana mashine mbili zinabeba kwa kadiri ya uwezo wa kila moja, daftari litiwe sahihi na kufungwa. Ikionekana moja imeelemewa na nyingine inapumzika, kasoro imepatikana mchana, fundi akiwapo, na samaki wa wanachama wangali salama katika barafu.